Koti Zito la Kukimbilia

Fundi cherehani alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa. Akimpenda mtu, lazima amshonee nguo. Na mkewe alimpenda kupita kiasi.

Asubuhi moja baridi ilikuwa kali. Maji ya bomba yaliuma vidole. Mkewe alikuwa anafunga kamba za viatu. Daktari alikuwa amemwambia kuwa presha yake imepanda. Ameze vidonge vyake, na akimbie taratibu nusu saa, siku nne kwa wiki. Baada ya miezi miwili angepimwa tena.

"Ngoja kwanza," fundi akasema. "Vaa hili."

Alikuwa amemshonea koti. Nje kitambaa kizito, ndani bitana nene ya pamba. Chini yake alimvalisha fulana mbili, nazo za pamba.

"Mume wangu, nakwenda kukimbia au kulala?"

"Baridi haina mchezo. Vaa."

Akavaa, akatoka. Fundi akarudi kwenye cherehani yake, moyo umetulia.

Dakika ishirini hazijaisha, mke akarudi anatembea. Uso ulilowa jasho na meno yaligongana.

"Mwanzo niliiva humu ndani," akasema. "Nikafungua koti nipumue. Upepo ukaingia kwenye fulana zilizolowa. Nimeganda!"

Ikawa hivyo mara tatu. Mara ya nne hakuvaa hata viatu. Aliketi kitandani, uso ameukunja.

"Sikimbii tena. Nitamwambia daktari nimeshindwa."

Fundi aliogopa kwelikweli. Dada yake alipooza upande mmoja kwa sababu ya presha. Alijua mambo hayo si ya kuyafanyia mzaha.

"Basi nitakuongezea bitana," akasema.

Mkewe akajifunika shuka mpaka kichwani.

Siku hiyo jirani yao, mama mmoja dobi, alileta mashuka yaliyofumuka pindo. Fundi akamweleza shida yake. Dobi akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Shemeji, wewe unakijua kitambaa kikiwa kikavu. Mimi nakijua kikiwa kimelowa. Nafua nguo za timu ya wakimbiaji kila wiki. Njoo nikuonyeshe."

Alimpeleka kwenye kamba zake za kuanikia. Akalowesha fulana ya pamba, jezi ya mpira na sweta nyepesi ya sufu. Akazikamua zote, akazianika.

"Nenda kafanye kazi zako. Rudi mchana."

Mchana fundi akazishika moja moja. Jezi ilikuwa imekauka. Sufu ilikuwa na unyevunyevu, lakini haikuwa baridi mkononi. Fulana ya pamba bado ilikuwa nzito na baridi.

"Hiyo ndiyo unayomvalisha mwenzio ngozini," dobi akasema. "Pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Unamwogesha maji baridi barabarani!"

Fundi akaiachia ile fulana. Miaka ishirini amewaambia wateja kwamba hakuna kitambaa kama pamba. Ilimuuma.

"Sasa nifanyeje, shemeji?"

"Avae nguo nyepesi, moja juu ya nyingine. Ya ngozini iwe ya kitambaa cha jezi, imkae mwilini. Juu yake sweta nyepesi yenye zipu, afungue akipata joto. Kukiwa na upepo au manyunyu, aongeze koti jepesi la nailoni. Likimzidi, alivue alifunge kiunoni. Miguuni suruali moja inatosha. Ila kichwa na vidole avifunike."

"Hizo tu?"

"Hizo tu. Na akitoka mlangoni, asikie baridi kidogo. Akisikia joto kabla hajaanza, ujue amevaa kupita kiasi. Mwili utapata moto wenyewe. Akirudi, avue zilizolowa mara moja, avae kavu."

"Asikie baridi? Mbele ya macho yangu?"

"Yafumbe, shemeji."

Fundi alishona siku mbili. Koti la nailoni alilitoboa vitundu kwapani ili joto litoke. Asubuhi ya tatu mkewe alisimama mlangoni, anajikunyata.

"Nasikia baridi."

Fundi alikaza makalio kwenye kiti asije akainuka kuchukua blanketi.

"Vizuri," akasema kwa taabu. "Nenda."

Dakika ishirini zikapita. Zikawa thelathini. Mke akaingia anahema, koti kiunoni, zipu wazi. Hakutetemeka hata kidogo.

"Nimemaliza nusu saa yote!" akasema. "Keshokutwa nakwenda tena."

Akaenda, na hakuacha. Miezi miwili ilipotimia, daktari alimpima mara mbili kuhakikisha. Presha ilikuwa imeshuka. Akamwambia aendelee na vidonge, na mbio asiziache.

Asubuhi iliyofuata upepo ulikuwa mkali. Nusu saa ilipofika, fundi alisimama mlangoni na taulo na nguo kavu. Alimwona mkewe anakuja, mashavu yanang'aa. Akafungua mlango wote. Mkewe akampita mbio.

"We! Nyumba ni hii!" fundi akapaza sauti.

"Naijua!" mkewe akajibu bila kusimama. "Nazunguka tena!"