Shati la Mikono ya Kushoto

Fundi cherehani aliishi chumba kimoja na cherehani yake. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Husafiri wiki tatu, hurudi siku nne, kisha huondoka tena.

Kila jioni dereva alipiga simu.

"Huko kwema?"

"Kwema," fundi alijibu.

"Na tumbo?"

"Linakua."

Simu ilipokatika, alirudi kwenye cherehani.

Hakukuwa kwema hata kidogo. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Fundi hakuwa na hamu ya kula wala kuoga. Moyo ulimwenda mbio bila sababu. Kitambaa cha nguo ya mtoto alikikata zamani, akakificha kwenye kikapu. Alijiambia, nikimshonea tu, atakufa. Hofu hiyo hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Hata kliniki walipomuuliza anaendeleaje, alisema, "Vizuri."

Jirani yake alikuwa mama mpiga pasi. Watu walimwita Bi Moto, kwa sababu ya pasi, na pia kwa sababu ya mdomo wake. Fundi alishona sare za shule, Bi Moto akazipiga pasi. Asubuhi moja aliingia ameshika shati.

"Mwanangu, mwanafunzi huyu ana mikono miwili ya kushoto?"

Fundi akatazama. Alikuwa amesahau kugeuza kitambaa alipokata mkono wa pili. Bi Moto akacheka. Fundi akalia mpaka akakosa pumzi.

"Basi, basi. Ni shati tu."

"Si shati, mama. Mtoto hajazaliwa, nami nahofia atakufa."

Bi Moto alitaka kusema kwamba mimba zote ndivyo zilivyo. Akayameza maneno hayo, jambo ambalo si kawaida yake.

"Tangu lini?"

"Miezi miwili."

"Na mimi niko ukuta wa pili! Vaa viatu, twende."

Kliniki, muuguzi aliwapeleka kwa mshauri. Chumba chake kilikuwa kidogo, lakini mlango ulifungwa vizuri. Fundi akaeleza yote.

"Umewahi kufikiria kujidhuru?" mshauri aliuliza.

"Hapana."

"Wazo hilo likija, usingoje miadi. Njoo siku hiyo hiyo. Una sonona, yaani huzuni isiyoondoka, na wasiwasi. Huwapata wajawazito wengi. Si uvivu, si laana. Inatibika."

"Kwa vidonge?"

"Wengine huhitaji dawa, na daktari ndiye huamua. Wewe tutaanza na mazungumzo, kila wiki."

"Maneno yatanitibu mimi?"

"Si maneno matupu. Utakuwa na kazi za nyumbani."

Kazi zilikuwa ndogo. Kuoga kila siku. Kutembea mpaka kona na Bi Moto. Kuandika kila hofu daftarini, kisha kuichunguza pamoja na mshauri.

"Una ushahidi gani kwamba nguo humuua mtoto?"

Fundi alifikiri sana. "Sina."

"Basi shona mshono mmoja tu, uone."

Akashona mmoja. Tumboni mtoto akapiga teke.

Wiki ya tatu fundi alichoka, akataka kuacha. Bi Moto alimsindikiza huku akinung'unika njia nzima.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya simu.

"Huko kwema?"

"Si kwema. Si kwema tangu zamani."

Dereva akapunguza mwendo. "Ngoja niegeshe lori," akasema. "Kisha nieleze yote."

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike. Bi Moto alipiga pasi shati dogo ambalo fundi alimshonea mtoto, akalikagua.

"Kulia. Kushoto. Afadhali!"

Fundi alicheka kwa sauti. Siku nyingine bado zilikuwa ngumu, na kwa mshauri aliendelea kwenda.

Jioni simu ikalia.

"Huko kwema?"

Fundi alimtazama mtoto aliyelala.

"Leo kwema," alisema. "Jana nililia. Nikamwita Bi Moto."