Blanketi la Matangani

"Mimi tangu nizaliwe sijawahi kusema uongo," alisema Mama Rahmah, akikunja blanketi lake jekundu. "Labda kwa marehemu baba yako. Na kwa yule bwana wa kodi. Na kwa shehe, lakini ile ilikuwa Ramadhani na kiu ilikuwa kali."

Nabila, binti yake, aliinamia cherehani asije akacheka. Duka lao la sare za shule liko Bugembe, huku Busoga, kando ya barabara kuu, na asubuhi ile vumbi la malori lilikuwa limeanza kazi kabla yao.

"Kwa hiyo unaenda kweli kuzika, mama?"

"Naenda Malukhu, kule Mbale, kumzika mzee Masaba, rafiki wa baba yako. Maskini, ametuacha jana. Nitalala matangani, ndiyo maana nabeba blanketi."

"Mbale leo kuna tamasha pia," Nabila alisema polepole. "La kuwasaidia wale waliofukiwa nyumba na udongo wa mlima. Kiingilio ni blanketi au sufuria, unaikabidhi jukwaani."

"Sijui habari hizo. Ni za yule mpiga ngoma wako?"

"Magid, mama. Ana jina."

"Ana jina, ana nywele, hana akili. Bendi gani inaitwa Ngurumo ya Wanale? Watu wazima wanapiga roki, kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Sitaki. Ijumaa watu wa Faizal wa saruji wanakuja kukuposa, na moyoni nimeshawajibu. Wewe shika duka."

Alipotoka tu, simu ya Nabila ikatetemeka juu ya vitambaa.

"Ni kweli Ijumaa wanakuja?" Magid aliandika.

"Kweli. Na mama atakubali."

"Basi njoo Mbale leo. Kama ni kuniaga, niage huku unanisikia napiga."

Nabila alitazama mashati ya watoto wa watu yasiyo na vifungo, akafunga duka. Nyimbo zote za bendi ile alikuwa nazo kwenye simu, lakini jukwaani hakuwahi kuwaona hata siku moja, na mapenzi ya kusikia tu ni sawa na kunusa pilau la jirani. Akachukua sufuria moja jikoni, akasimamisha gari la Mbale.

Uwanja ulikuwa umefurika. Mablanketi yalirundikwa kando ya jukwaa mpaka yakawa kilima, na nyuma yake mlima Wanale wenyewe umesimama kama jirani anayechungulia uani. Gitaa la kwanza lilipolia, Nabila alilisikia kwenye meno. Magid alikuwa nyuma kabisa, shati limelowa, anapiga ngoma kama mtu anayebomoa ukuta ili amfikie mke wake. Nabila alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Hapo simu ikaita. Mama.

"Nabila, uko dukani?"

"Nipo dukani, mama."

"Mbona nasikia ngoma?"

"Ni harusi ya jirani. Na huko kwako mbona nasikia gitaa?"

Mama akakohoa.

"Wagisu wa huku siku hizi wanazika na gitaa."

Nabila alitega sikio. Gitaa lililokuwa simuni ndilo lililokuwa uwanjani. Hata mpigaji alipoteleza kidogo, aliteleza kwenye masikio yake yote mawili.

"Mama, marehemu anaendeleaje?"

"Amelala vizuri," mama alisema, akakata simu.

Nabila akaanza kupenya kuelekea mbele, akimwomba njia bwana mmoja kwa adabu.

"Nipishe, ssebo, namtafuta mama yangu."

"Mama yako? Hapa ni roki, nyabo. Mama mtafute sokoni."

Wimbo ulipokwisha, mwimbaji akatangaza kwamba bendi inashuka yenyewe kupokea mablanketi ya walio mbele. Magid akaruka chini. Na mbele kabisa palikuwa na mwanamke mmoja aliyejifunga gauni lake la gomesi kiunoni, anarusha kichwa, blanketi jekundu linapepea mkononi kama bendera ya washindi.

Magid alinyoosha mikono alipokee. Mama Rahmah akainua macho, wakatazamana uso kwa uso.

Huku kwetu Busoga, mwanamke na mume wa binti yake hawatazamani wala hawagusani. Wakikutana ghafla, mama hujifunika na kujiweka kando. Mama Rahmah hakupata nafasi ya kufikiri, mwili ukafikiri badala yake. Alichutama palepale, akajitupia blanketi kichwani, gubigubi.

Wanawake waliokuwa karibu wakaelewa mara moja, vigelegele vikapaa.

"Kumbe mpiga ngoma ni mkwe wake huyu!"

Magid naye, mtoto aliyelelewa, akageuka akampa mgongo, mikono bado imenyooka hewani.

Nabila akafika, akachutama kando ya blanketi.

"Mama."

Blanketi likajikunyata zaidi.

"Mama, umejifunika kwa ajili ya nani?"

"Jua kali."

"Kuna mawingu."

"Basi mvua."

"Haijanyesha. Mama, Faizal akija dukani unamkodolea macho na kumpiga kofi la begani. Mbona yeye hujamfunikia hata kidole?"

Ndani ya blanketi kulisikika mguno, kisha kitu kama kicheko kilichobanwa.

"Mwambie huyo bwana kwamba wimbo wa tatu ameuharakisha."

"Magid, mama anasema wimbo wa tatu umeuharakisha."

"Mwambie mama ni kweli," Magid alijibu, akiuangalia mlima. "Nilikuwa nimemwona Nabila."

Blanketi likatulia.

"Mama, kumbe nyimbo zao unazijua?"

"Ukuta wa chumba chako mwembamba. Mwambie Ijumaa alete wazee wake. Wale wa Faizal nitawapa chai, wanywe, waende."

Nabila hakuhitaji kuyafikisha. Magid alikuwa ameshapanda jukwaani kwa mruko mmoja, na alichozifanyia zile ngoma, Wanale iliitikia. Uwanja mzima uliruka. Nabila alicheza huku analia, sufuria juu kichwani, na hakuna aliyemshangaa.

Blanketi likafunuka kidogo, jicho moja likatoka.

"Lakini usije ukasema nilikuja kucheza," Mama Rahmah alisema, akijipangusa jasho. "Nimepita tu, natoka mazikoni. Nikasema blanketi la matanga liwafae walio hai."

"Kwa hiyo mzee Masaba mmeshamzika?"

"Chini ya migomba yake. Watu walivyolia, mwanangu, mimi mwenyewe ilibidi nishikwe."

Mkono ukamgusa Nabila begani. Alikuwa mzee mrefu, anahema kwa kucheza, chupa mbili za soda kwapani.

"Nabila wa Bugembe, ndiyo umekua hivi?" alisema mzee Masaba. "Hebu mpe mama yako hii. Amenituma ya baridi."

Mama Rahmah akarudisha blanketi kichwani.