Mwanamke Aliyeomba Kutuliwa

Kitongoji chetu hakimo kwenye daftari la kata. Ni nyumba kumi na moja tu, pale barabara ya Usoke inapokutana na ya Ulyankulu. Watu wanapaita Njiapanda, basi. Zamani misafara ilipita hapo kwenda Ujiji, na mpagazi aliyezidiwa na ugonjwa aliachwa hapo hapo.

Jioni ile nilikwenda bombani kuteka maji. Nikapita mlangoni kwa Shamila, mke mwenzangu. Mume wetu, Mustafa, alikuwa anacheka ndani. Na zamu ilikuwa yangu.

Moyo ukawaka.

Ndoo ilikuwa nusu niliposikia miguu ikiburuta vumbi... ssrr... ssrr... Harufu ikatangulia, ya jasho na kidonda kilichooza. Mwanamke akasimama mbele yangu. Kichwani kabeba mzigo uliofungwa kwa mkeka mkuukuu, shingo imezama mabegani.

"Dada," akanong'ona, "nitue."

Mama mkwe, Bi Batuli, alishanikanya: magharibi, hapa njiapanda, usimtue mtu usiyemjua. Nikarudi nyuma.

"Siwezi."

"Basi nielekeze anayeweza."

Ningeweza kunyamaza. Kicheko cha Mustafa kikanifikia tena.

Nikanyoosha kidole.

Akaenda... ssrr... ssrr... Mlango wa Shamila ukafunguliwa. Nikamsikia, "Karibu, mama. Pole na mzigo."

Nikasubiri yule mwanamke atoke.

Hakutoka mtu.

Asubuhi Shamila hakuweza kuinua shingo. Hospitali walimpiga picha, hawakuona kitu. "Mzito," analia. "Nitueni jamani." Kichwani hana kitu.

Bi Batuli akaniita pembeni. "Yule mwenye mzigo haendi nyumba asiyoelekezwa, mwanangu. Nani alimwelekeza?"

"Sijui, mama."

Akanitazama mpaka nikainamisha macho. Hakuuliza tena.

Huu mwezi wa tatu. Mustafa haji kwangu hata siku moja. Anamlisha Shamila uji kwa kijiko, anamkanda shingo, anamwimbia mpaka alale. Mimi hajawahi kuniimbia.

Kila magharibi nasimama pale bombani, nikisikiliza. Nikimwona tena, nitamwomba amwachie mwenzangu. Ndivyo ninavyojiambia.

Lakini jana nilijikuta nimesokota ngata ya khanga, nimeiweka kichwani... na ndoo nimeiacha nyumbani.