Nani Atamnyanyua Mzee Spana?

Kila asubuhi Bibi Vifungo alianza kazi kabla ya chai. Aliteleka maji, akatandika taulo juu ya kiti, kisha akaenda kusimama kando ya kitanda cha mumewe.

"Uko tayari?"

"Tangu jana," mzee alijibu.

Alimshika chini ya makwapa. Wakahesabu pamoja, moja, mbili, tatu. Kwenye tatu bibi alivuta na mzee akasukuma godoro kwa mikono. Siku nyingine alisimama mara ya kwanza. Siku nyingine walihesabu hadi tisa.

Mtaani walimwita Mzee Spana. Alikuwa fundi wa magari jeshini kwa miaka ishirini na miwili. Siku moja akiwa kazini, jeki iliteleza na lori likamkandamiza mgongo. Alipona, akarudi kazini, akastaafu. Sasa alikuwa na miaka sabini na minane, na miguu ilikuwa imeanza kumkana.

Mkewe alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alipewa jina la Bibi Vifungo kwa sababu alishona vifungo na kubadilisha zipu, akikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwa mwembamba. Watu walipomuuliza anamwezaje mzee mzima, alisema, "Nimemzoea." Hakusema kwamba bega lake la kulia halikuwa limelala usingizi mzuri kwa mwaka mzima.

Jumatatu moja walikuwa bafuni. Goti la mzee lilikunjika ghafla. Bibi hakumwachia. Basi wakashuka wote wawili, polepole, mpaka sakafuni. Bega la bibi lilitoa mlio kama kijiti kikavu.

Wakakaa wameegemea ukuta.

"Umeumia?" mzee aliuliza.

"Sijui. Na wewe?"

"Mimi nimekaa tu."

Bibi alijaribu kuinuka. Mkono wa kulia ulikataa. Akajaribu tena, akaacha. Maji ya kuogea yalipoa kwenye ndoo. Mzee alivuta taulo akamfunika mkewe miguu.

Saa nzima ilipita. Kisha wakasikia hodi mlangoni.

"Karibu," bibi aliita. "Ila hatuwezi kuja kukufungulia. Sukuma tu."

Aliyeingia ni jirani wa ghorofa ya juu. Alikuwa nesi, na kazi yake ilikuwa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Alikuja kuchukua sare yake iliyobadilishwa zipu. Aliwakuta pale chini, akaweka mkoba wake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Shikamooni. Leo mmehamia huku?"

Hakumvuta mzee. Alileta kiti, akamwambia mzee aweke mikono juu yake, apige goti moja, kisha ajisukume huku yeye akimshika kiunoni. Mzee akakaa kitini. Halafu nesi akamgeukia bibi, akaligusa bega lake. Bibi akauma midomo.

"Hili si la leo, Bibi."

"La leo."

"La leo limekuja juu ya la zamani. Tangu lini?"

Bibi aliangalia mlango. "Usiwaambie watoto."

"Mficha maradhi..."

"Methali hiyo naijua," bibi alisema. "Nilikufundisha mimi ulipokuwa unapita hapa na madaftari ya shule."

Kliniki walimpiga picha ya bega. Msuli ulikuwa umechanika. Daktari alimwambia asinyanyue kitu chochote kizito kwa muda wa miezi miwili. Bibi aliuliza kama mume ni kitu kizito.

Wiki hiyo nesi alikuja kila asubuhi kabla ya kazi yake. Lakini siri ya watu watatu si siri. Jumamosi watoto walifika: kijana wao mkubwa, dereva wa lori la mizigo, na binti yao mwalimu. Kila mmoja aliishi mji wake. Walikuwa wamekwisha kuzungumza kwa simu.

"Tumefikiri hivi," kijana alisema. "Baba atakuja kwangu. Mama ataenda kwa dada. Huku nyumba tutaifunga."

Bibi alijua mwanawe hana ubaya. Kijana alikuwa ameendesha gari usiku kucha ili kuja kusema maneno hayo. Lakini alihisi kama mtu anayeona vyombo vyake vikitolewa nje.

Mzee Spana ndiye aliyesema kwanza. "Mmetugawa vizuri. Na kiti cha mama yenu anachukua nani?"

Binti akaanza kulia. "Baba, tufanyeje? Mama ataanguka tena. Safari nyingine hakutakuwa na mtu wa kubisha hodi."

Hilo lilikuwa kweli, na hakuna aliyelipinga.

Bibi akamtuma binti amwite nesi. Alitaka mtu ambaye si wa damu, mwenye kichwa kilichotulia. Nesi alikuja, akasikiliza wote, kisha akamuuliza mzee swali moja.

"Mzee, uliwahi kuomba msaada wa matunzo katika ofisi ya askari wastaafu?"

"Pensheni yangu napata."

"Sisemi pensheni. Nasema msaada wa mtu aliyeumia kazini na sasa anahitaji kutunzwa."

Mzee alitikisa kichwa. "Huo ni wa waliopigana. Mimi nilikuwa chini ya magari. Sikupiga hata risasi moja."

"Na waliopiga risasi walifikaje huko?" nesi aliuliza. "Walipaa?"

Kijana, ambaye alijua malori, alicheka kidogo. Mzee hakucheka. Alikuwa anafikiri.

"Utumishi ni utumishi," nesi aliendelea. "Sheria haiulizi tu kama ulishika bunduki. Inauliza kama ulitumikia, uliumia wapi, na leo hali yako ikoje. Kila nchi ina taratibu zake, na zinabadilika, kwa hiyo mimi siahidi kitu. Nasema twende tukaulize."

Bibi aliona aibu. Miaka yote hiyo hawakuwahi kuuliza. Walidhani kuomba ni kujidhalilisha. Mzee alikuwa radhi afe na tai shingoni.

Jumanne waliondoka wanne: mzee kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, bibi, binti na nesi. Nje ya ofisi, mtu mwenye mkoba mweusi aliwasogelea. Alisema ana watu wake ndani. Wakimwachia vyeti, mambo yataiva haraka, nao watampa sehemu ya malipo ya kwanza. Binti alikuwa tayari kufungua bahasha. Bibi akamshika mkono.

"Tumuulize wa dirishani kwanza."

Karani wa dirishani alikuwa mwanamke mwenye miwani. "Fomu ni bure," alisema. "Kusaidiwa kuijaza ni bure pia. Vyeti halisi usimwachie mtu yeyote. Sisi tunachukua nakala tu, na tunakupa stakabadhi."

Walipogeuka, mtu wa mkoba mweusi alikuwa amehamia kwa mzee mwingine. Nesi alimfuata yule mzee akamnong'oneza.

Walijaza fomu. Waliambatisha nakala ya cheti cha kustaafu jeshini, cheti cha ndoa na barua ya daktari. Kisha wakasubiri wiki saba. Barua ilipokuja, binti aliisoma kwa simu, bibi akiwa ameipiga picha na kumtumia. Ofisi haikuona ushahidi kwamba mgongo uliumia kazini. Ombi lilikuwa limerudishwa.

"Nilisema," mzee alisema. Akageuza uso kwenye ukuta. Siku mbili hakutaka kuongea na mtu.

Nesi aliisoma barua ile mara mbili. "Huku juu wamesema limerudishwa. Lakini ukurasa wa pili unasema mna siku sitini za kukata rufaa au kuleta ushahidi mpya. Watu wengi hawafiki ukurasa wa pili. Mzee, siku ile jeki ilipoteleza, nani alikuwepo?"

"Dereva wa lile lori," mzee alisema. "Kama yu hai."

Alikuwa hai. Chama cha askari wastaafu kilikuwa na namba yake. Bibi ndiye aliyepiga simu, akaiweka kwenye sauti kubwa.

"Kama ninakumbuka?" dereva wa zamani alisema. "Nilimvuta kwa miguu mimi mwenyewe. Na alinitukana njia nzima hadi zahanati."

"Ulikuwa unanivuta juu ya kokoto," mzee alisema.

Kisha wazee wawili wakaanza kucheka, na mmoja wao, bibi hakujua ni yupi, akawa analia.

Dereva aliandika maelezo yake na kuyatia sahihi mbele ya wakili. Ofisi nayo ikaombwa itafute kumbukumbu za ile zahanati ya jeshi. Baada ya miezi mitatu jibu likaja. Mzee Spana alikubaliwa.

Msaada haukuwa wa kuwafanya matajiri. Ulileta kiti cha kuogea, vyuma vya kushikia ukutani na mhudumu wa asubuhi siku nne kwa wiki. Mhudumu alikuwa mwanaume wa makamo, mpana wa mabega, mpole wa maneno. Siku ya kwanza mzee alimkagua kama gari lililoletwa gereji. Siku ya tatu alikuwa anamfundisha kutambua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza.

Bibi alidhani kazi imekwisha. Nesi akasema bado.

"Hii ni ya leo," alisema. "Kesho je? Miguu ikizidi kudhoofika? Akili ikichoka? Bibi akilazwa? Ulizeni sasa, Mzee angali anajibu mwenyewe. Msingoje siku ya hospitali, kila mtu analia na hakuna anayejua."

Watoto wakaja tena. Safari hii hawakuja na uamuzi. Walikuja na daftari. Kijana aliona ugumu kuanza, kwa hiyo nesi akaanza kwa niaba yake.

Mzee alisema anataka kubaki nyumbani kadiri itakavyowezekana. Ikishindikana, apelekwe mahali ambapo mkewe anaweza kukaa naye, au kufika kila siku kwa miguu. Akili ikimtoka, binti ndiye aseme kwa niaba yake, naye alitaka hati ya hilo iandikwe kisheria. Kijana alisema Jumapili mbili kila mwezi ni zake, na kwamba atazipanga na tajiri wake. Pia waliandika kwamba mzee akitangulia, mama ana haki zake kama mjane wa askari. Waliandika vyeti vimewekwa wapi na aende ofisi gani.

Jambo hilo la mwisho bibi hakulipenda. Lakini alilisikiliza.

Kisha binti akamgeukia. "Na wewe, Mama? Wewe unataka nini?"

Kwa miaka mingi watu walimuuliza mzee anaendeleaje. Bibi Vifungo hakukumbuka mara ya mwisho alipoulizwa yeye.

"Nina dada yangu," alisema polepole. "Ng'ambo ya mji. Sijamwona miaka mitatu. Nataka siku moja. Alhamisi."

"Mlezi ana haki ya kupumzika," nesi alisema. "Hata hiyo imo katika msaada. Mhudumu anaweza kukaa hadi jioni."

Kijana akaandika: Alhamisi, ya Mama.

Alhamisi ya kwanza bibi alivaa gauni zuri. Alimweleza mhudumu habari za dawa mara nne. Alifika kwa dada yake saa tano. Walikaa, wakala, wakasema watu, wakanyamaza, wakasema tena. Mara mbili alishika simu ili apige nyumbani. Mara zote mbili dada yake alimnyang'anya.

Jua lilikuwa linashuka aliporudi. Mzee Spana alikuwa mezani, amenyolewa vizuri, na chai mbele yake.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa makusudi," alijibu bibi.

Mzee alimtazama usoni, akaona kitu ambacho hakuwa amekiona kwa siku nyingi. Akasogeza kikombe cha pili upande wake.

"Basi kaa unywe," alisema. "Unieleze yote."