Waya wa Kijani

Kijiko cha chai hakina waya wala betri, na hakijawahi kumdhuru mtu isipokuwa kwa sukari. Ndiyo maana asubuhi ile, kijiko kilipompiga Injinia shoti mpaka kikaruka na kugonga ukuta, mkewe alicheka kwa mara ya kwanza tangu wamzike mdogo wake.

"Hata vijiko sasa umeviunga umeme?" alimtania.

Injinia hakucheka. Alikuwa akinusa vidole vyake. Vilinuka sabuni ya unga, na ndani ya harufu ya sabuni mlikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Mtu huyu hakuwa injinia hata kidogo. Alikuwa karani kwenye bohari ya saruji, na jina hilo alipewa na majirani, nusu sifa nusu dhihaka, kwa kuwa hakuna fundi aliyeruhusiwa kuvuka kizingiti chake. Feni yake ilizungushwa na mota ya blenda. Redio yake haikuwaka mpaka nyaya mbili zibanwe kwa kibanio cha nguo. "Fundi ni nani?" alipenda kusema. "Si mtu mwenye bisibisi tu?" Mimi ningemjibu kwamba hata mchinja nyama ana kisu, lakini hatumpelekei mgonjwa akampasue.

Miezi michache nyuma alinunua mashine ya kufulia iliyokwisha kutumika, akaiweka uani. Kila ilipoanza kuchemsha maji, swichi kuu ya nyumba ilijizima. Mwenye akili zake angejiuliza swichi inaogopa nini. Injinia yeye alifungua mgongo wa mashine akaukata waya wa kijani, ule ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja. Swichi haikujizima tena. Akawaita wote waje waone alivyoiponya.

Aliyeitumia zaidi ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akiishi nao huku akisomea ukunga.

"Shemeji, mashine inaniuma," alimwambia siku ya kwanza.

"Vaa kandambili."

Siku ya pili akasema, "Shemeji, nimevaa. Bado inauma."

"Basi usiishike kwa mapenzi," alijibu Injinia, na nyumba nzima ikacheka, hata msichana mwenyewe.

Hakulalamika tena. Siku moja saa nane mchana, wawili hao wakiwa peke yao nyumbani, kandambili za msichana zililowa, na mkono wake ukanasa kwenye bati la mashine.

Msibani Injinia aliwaambia watu kwamba marehemu alishika plagi kwa mikono iliyolowa, na kwamba alikwisha kumkataza mara mia. Waliokuja kukagua mashine hawakuona kasoro. Kila waya ulikuwa mahali pake. Mama mkwe wake alizika mtoto, akabaki na aibu. "Mwanangu alikuwa mkaidi, mtusamehe," aliwaambia waliokuja kumpa pole, kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Niseme wazi, sentensi hiyo peke yake ilitosha kumtoa maiti kaburini.

Baada ya kijiko ukafuata ufunguo, kisha bomba la maji, kisha kitasa cha mlango. Injinia alizima swichi kuu. Akapigwa gizani. Alipima kitasa kwa bisibisi yake yenye taa ya kupimia umeme, na taa haikuwaka. Akaweka bisibisi chini, akashika kitasa, akapigwa mpaka meno yakagongana. Akaanza kula na kuandika akiwa amevaa glavu za mpira. Kazini wakamuuliza kama amehamia mochwari.

Mashine alikwisha kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu. Hata hivyo, kila siku saa nane mchana, jua likiwa kali, ilisikika uani ikizunguka, na mkewe alipotoka kutazama alikuta sakafu tupu imelowa, povu likielekea mlangoni.

Kila siku shoti iliongezeka. Hilo Injinia alilijua, lakini hakumwambia mtu, na alijua pia kwamba itafika siku itatosha kuua; akakaa na siri hiyo mpaka Ijumaa moja binti yake wa miaka sita alipotoka shule, akatupa mkoba chini, akamkimbilia kwa mikono miwili kama alivyozoea, na kabla baba hajapata nafasi ya kurudi nyuma akamkumbatia mguu, ukasikika mlio mkavu wa kitu kukatika, mtoto akarushwa mpaka kwenye kabati, akalala pale macho wazi bila kulia, bila kuhema, kwa muda ambao mama yake hatausahau, ndipo akavuta pumzi na kusema kwa sauti ndogo, "Baba kaniuma."

Jioni hiyo mkewe alimpigia simu mama yake. Kesho yake mama mkwe alifika na mwanamke mnene, mkali, aliyejulikana kwa jina la Mfukizaji, mwenye chetezo na makaa. Mtoto akapelekwa kwa jirani. Wanne wakakaa sebuleni, mlango umefungwa.

Saa nane ilipofika, kandambili zilizolowa zilianza kutembea ukumbini. Chwa. Chwa. Zikaingia sebuleni pasipo mlango kufunguka, zikasimama nyuma ya kiti cha Injinia.

Mfukizaji akaweka kifuniko juu ya makaa yake. "Mimi nafukuza majini," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hakuja kutafuta makazi. Ana kesi, na kesi haifukuzwi kwa ubani. Baba, sema."

"Niseme nini?"

"Unachokijua."

Injinia alitazama sakafu. "Niliukata waya," alinong'ona. "Ule wa kijani. Ndiyo maana ilikuwa ikimuuma. Hakushika plagi. Nilisema uongo."

"Lakini wakaguzi walikuta waya upo," mkewe alisema.

"Niliurudishia. Kabla sijaita watu."

Mama mkwe alijifunika uso kwa khanga. Mkewe akalia, na Injinia, akidhani yamekwisha, akavua glavu na kumnyooshea mkono. Hata hawajagusana. Cheche iliruka baina ya vidole vyao, nyeupe, ikamwangusha Injinia chini pamoja na kiti.

"Bado," alisema Mfukizaji. "Kuna lililobaki."

Ndipo wakaisikia. Mtu alikuwa akihema sakafuni, pembeni ya Injinia, pumzi nzito, ya kuvutwa kwa taabu, yenye maji ndani yake, ikikatika, ikirudi, ikikatika tena, na kila iliporudi harufu ya nywele zilizoungua ilijaa chumbani mpaka macho yakawawasha, na Injinia akaanza kujiburuta kwenda ukutani huku ameziba masikio, kwa maana kati ya wote wanne ni yeye tu aliyewahi kuisikia pumzi hiyo.

"Nani anahema?" mkewe aliuliza. "Wewe, nani anahema?"

"Alikuwa bado hai!" Injinia alipiga kelele. "Nilipokuwa naurudishia waya. Alikuwa amelala hapo chini, anahema. Ananitazama."

Mama mkwe alishusha khanga usoni. "Mpaka lini?"

"Mama..."

"Nimekuuliza. Mpaka lini?"

"Mpaka nilipofunga skrubu ya mwisho."

Pumzi ikakoma. Kandambili zikageuka, zikatoka polepole kwa njia ile ile, na uani kukawa kimya.

"Amekwenda," alisema Mfukizaji, akikusanya vitu vyake bila kumtazama Injinia. "Hatarudi."

Mama mkwe alisimama. Alivuka chumba, akainama, akaushika mkono wa mkwewe. Haukumpiga. Mkono wa mama mkwe ulikuwa wa kawaida, mkavu, wenye joto, na wiki tatu zilikuwa zimepita bila Injinia kushika mkono wa mtu. Injinia aliulilia mkono ule. "Nisamehe, mama," alisema.

"Vaa viatu," mama mkwe akamwambia. "Tunakwenda kituo cha polisi."

Mkewe alikwisha kufungua mlango, amebeba bisibisi zake zote kwenye mfuko wa plastiki. Injinia akajaribu kuutoa mkono wake, taratibu, kwa adabu zote za mkwe. Mama mkwe hakuuachia.