Kalamu ya Baba Mkwe

Gari lilikata roho katikati ya jangwa la mawe, saa saba mchana, mji wa mbele ukiwa bado kilomita sabini. Lilikohoa mara tatu, likatetemeka, likanyamaza. Upepo wa mchanga ukaanza kuugonga mlango papo hapo.

"Limechemka," alisema baba mkwe. Gari lilikuwa lake, la miaka thelathini, na hakuwahi kumruhusu mkwewe aguse boneti ingawa mkwewe alikuwa fundi magari.

"Halijachemka, baba. Tazama mshale wa joto."

Kumweleza mzee yule ni kumpigia mbuzi gitaa. Fundi alikuwa bado anatafuta spana chini ya kiti mzee aliponyakua dumu la maji ya kunywa na kuimwagia rejeta lita zote tano. Maji yalitiririka juu ya mawe, na kabla fundi hajafika yalikuwa yamekwisha kauka. Ikabaki nusu chupa.

"Umetuua," alisema fundi, na heshima ikaishia hapo.

"Nani aliyeleta habari za njia ya mkato?"

Walichukiana tangu siku ya posa. Aliyezoea kuwasuluhisha, binti wa mzee na mke wa fundi, alikuwa hospitali katika mji wa mbele, amejifungua jana, anawangoja wote wawili.

Fundi aliinama juu ya injini. Hakuchukua muda. Valvu ndogo ya plastiki, ile ya kupunguza moshi mchafu, ilikuwa imevunjika shingo. Kisiki chake kilikuwa na tundu linalonyonya hewa kwa nguvu, na kando yake kulikuwa na gundi kavu.

"Nani alibandika hapa?"

Mzee alitazama vilima. "Ilivunjika nikisugua injini. Nikaibandika."

"Ukanyamaza."

"Ningekwambia ungenicheka."

"Ningecheka, kisha ningetengeneza! Ingia, washa."

Fundi aliziba tundu kwa kidole. Injini ikanguruma. Alipoondoa kidole ikazimika. Alirudia mara nne, mpaka kidole kikatoka lengelenge, lakini kidole hakiwezi kusafiri kimebanwa chini ya boneti. Akajaribu kitambaa, kikanyonywa ndani, akakivuta kwa koleo huku akitukana. Kijiti kikavu kilisagika. Kila skrubu aliyoifungua ilikuwa nene mno.

Saa tisa midomo yao ilikuwa imepasuka na ulimi wa mzee ulikuwa mzito. Fundi alimpa mafunda ya mwisho ya maji, akamchukia kila alipomeza.

Mzee alijikunyata kwenye kivuli cha gari, akatoa karatasi na kalamu, akaanza kuandika.

"Unaandika nini?"

"Wosia. Watakaotukuta wajue ukweli."

Fundi alisoma juu ya bega lake: *Nikifa, ijulikane kwamba aliyeniua ni*. Hasira ilimpanda. Kisha macho yake yakahama kutoka kwenye maneno, yakatua kwenye kalamu. Ilikuwa ya plastiki, nyembamba, ya duara.

"Nipe hiyo kalamu."

"Sijamaliza."

"Baba, nipe kalamu!"

Walivutana kama watoto, wakaanguka kwenye changarawe, goti la mzee likachanika. Fundi alishinda. Akang'oa mrija wa wino, akayeyusha ncha ya ganda kwa kiberiti hadi likajiziba, akalizungushia uzi alioufumua kwenye shati lake, akalisukuma ndani ya tundu mpaka likakataa kwenda mbele.

"Washa."

Injini ilishika. Ilikwaruza, ikasita, ikashika tena. Hakuna aliyeshangilia, waliogopa.

Mara tano njiani ganda lilichomoka, mara tano fundi alilirudisha, na vidole vyake vikaungua vyote. Jua lilikuwa likizama walipoingia lango la hospitali. Muuguzi aliwapa maji. Walikunywa bila kupumua, wakatapika, wakanywa tena polepole.

Mzee akamwomba muuguzi kalamu. Akakunjua karatasi yake, akamalizia sentensi, akaikabidhi kwa mkwewe pamoja na ufunguo wa gari.

*Nikifa, ijulikane kwamba aliyeniua ni mimi mwenyewe, kwa ubishi wangu.*

Fundi aliisoma mara mbili.

"Kesho fungua boneti," alisema mzee, akianza kuchechemea kuelekea wodini. "Lakini nitasimama hapo hapo nikutazame."