Sekunde Tisini na Nne za Mjane

"Wamenichagua, Losa! Zima hiyo saa yako!"

Losa Faleafa hakuizima. Alikuwa katikati ya ukurasa wa kumi na tisa, akisoma kwa sauti maneno ya daktari, ya mgonjwa na ya mke wa mgonjwa, huku akihesabu sekunde. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya kwenye tamthilia ya *Mtaa wa Rimu*: kila skripti ilipita mdomoni mwake kabla ya kamera kuwashwa, ijulikane kama itajaza dakika ishirini na mbili au itapwaya. Alimaliza ukurasa, akaandika muda pembeni, ndipo akainua kichwa.

Vikash Narayan alisimama mlangoni, mvua ya Auckland ikimtiririka kwenye nywele, mkono mmoja pai ya nyama, mkono wa pili simu.

"Nani wamekuchagua?"

"Chama cha waandishi! Sehemu ya mia nne na kumi na mbili imeingia fainali. Miaka tisa naandika watu wanaogombana jikoni, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kaniona!"

"Mia nne na kumi na mbili," Losa alirudia polepole.

"Sikiliza majaji wanavyosema. 'Onyesho la mjane kwenye duka la kufulia nguo ndilo lililotufanya tuichague sehemu hii.' Umesikia, mpenzi?"

"Nimesikia. Uliliandikaje?"

Vikash aliuma pai kwanza.

"Aa, lile? Lilikuja lenyewe tu. Unajua tena mambo ya kuandika."

"Sijui. Mjane anasema nini mwishoni?"

"Anasema... kwamba maisha yanaendelea. Kitu kama hicho. Mbona unanihoji kama polisi?"

"Hasemi lolote kuhusu maisha. Najua kwa sababu nililiandika mimi."

Vikash aliacha kutafuna.

"Unatania."

"Umewahi kunisikia nikitania?"

Hakuwahi. Na mambo yalikuwa hivi: miezi minane nyuma, Losa alipoipima sehemu ile, alikuta imepungua kwa sekunde tisini na nne. Vikash alikuwa ng'ambo, mjini Nadi, kwenye arusi ya binamu yake, simu imezimwa. Mwigizaji pekee aliyekuwepo studio alikuwa yule anayecheza mjane. Jukwaa pekee lililokuwa bado limesimama lilikuwa duka la kufulia. Bron Hadley, mkuu wa skripti, alimwekea Losa karatasi mezani: "Wewe ndiye uliyeliona pengo. Lizibe." Losa aliliziba kwa dakika arobaini. Aliandika mjane anayeleta shati la marehemu mumewe lifuliwe, na shati lenyewe ni safi.

Kwa utaratibu wa kazi hiyo, kilichozibwa ofisini hubaki kwa jina la mwandishi wa sehemu. Losa hakulalamika. Yeye na Vikash walianza kupendana miezi mitatu baadaye, naye hakuona sababu ya kulitaja. Vikash, kama nusu ya waandishi wa pale, hakuangalia kamwe kazi yake ikishatoka mkononi. Alisema ni sawa na kwenda arusini kwa mchumba wako wa zamani.

"Kwa nini hukuniambia?" Vikash aliuliza.

"Ungeangalia ungejua."

"Lakini utaratibu ni kwamba..."

"Utaratibu naujua kukuzidi. Jina lako pale ni halali. Mimi nilikuuliza uliliandikaje, nawe ukanijibu."

"Ningesema nini sasa?"

"'Silikumbuki.' Neno moja, Vikash. Halifiki hata sekunde mbili."

Vikash aliiweka pai juu ya kabati.

"Losa, kuna mtayarishaji wa Sydney ameshanipigia kwa sababu ya fainali hii. Unaelewa maana yake kwangu?"

"Naelewa. Nenda Sydney. Sitamwambia mtu."

"Na sisi je?"

"Kama unanijibu hivyo kwa kitu ambacho hujakiona, utanijibuje kwa kitu unachokijua vizuri? Hilo ndilo sijalipatia jibu. Sasa niache, nina kurasa ishirini."

Jioni hiyo ya Jumatatu kwenye simu ya Losa ukaingia ujumbe wa Vikash: "Naomba tuongee."

Akaandika: "Kuhusu nini?"

Vikash hakujibu. Wala Jumanne. Wala Jumatano.

Alhamisi asubuhi Bron alimkuta Losa jikoni, akichagua matunda ya feijoa kwenye mfuko ambao mtu fulani, kama kila vuli, alikuwa ameutelekeza karibu na birika.

"Wewe, kuna nini? Jana umesoma onyesho la vichekesho kama taarifa ya msiba."

"Muda ulikuwa sahihi."

"Muda ndiyo. Mimi nimetaka kulia." Bron akakata feijoa kwa kijiko. "Vikash alikuja ofisini kwangu juzi."

"Kutafuta nini?"

"Muulize mwenyewe. Mimi si posta."

Losa alikuwa amerudi mezani kwake simu ilipoita. Namba ngeni.

"Naongea na Losa Faleafa? Naitwa Marnie, chama cha waandishi. Nakamilisha orodha ya chakula cha hafla ya tuzo. Samaki au mwanakondoo?"

"Umekosea namba, dada. Mimi si mwandishi, napima muda."

"Hapa umeandikwa mwandishi mwenza, sehemu ya mia nne na kumi na mbili. Nina barua ya Narayan, sahihi ya mkuu wa skripti na ukurasa wako wa awali wenye tarehe. Kamati imepitisha leo asubuhi."

Losa aliketi.

"Na kama kamati ingekataa?"

"Aliandika kwamba wakikataa, waitoe sehemu yote kwenye fainali. Tulibishana naye kweli. Samahani, dada, nina watu mia moja wa kuwapigia. Samaki au kondoo?"

"Kondoo."

Akampigia Vikash saa hiyo hiyo.

"Uko wapi?"

"Hapa chini. Kwenye gari. Tangu saa tatu."

"Sasa hivi ni saa tano."

"Najua. Naogopa kupanda."

Losa alishuka. Vikash alikuwa ameegemeza kompyuta kwenye usukani. Kwenye skrini yake, mjane ameshika shati.

"Nimeliangalia," alisema kabla mlango haujafungwa vizuri. "Mara saba. Mara ya kwanza nililia kama mtoto. Nisamehe, Losa. Nilidanganya kwa sababu nilitaka sana liwe langu."

"Hilo ni jibu," Losa alisema. "Na mara ya saba?"

Vikash aliirudisha picha nyuma kidogo.

"Mara ya saba niliona kosa."

"Kosa?"

"Mjane anasema, 'Halijachafuka. Namkumbuka tu.' Hapo pa kukumbuka pakate. Aseme 'Halijachafuka', anyamaze. Inatosha."

"Umekaa saa mbili kwenye gari ukitafuta msamaha, na unaniletea marekebisho?"

"Ulitaka majibu ya kweli."

Losa alilisema neno hilo la mjane kwa sauti, kwanza lote, kisha lililokatwa. Akalisema tena. Vikash alikuwa sahihi. Jambo hilo lilimuudhi kwa muda mfupi, halafu likampendeza kwa muda mrefu zaidi.

"Sydney wamesemaje?"

"Nimewaambia mwandishi wanayemtaka ni watu wawili. Wanatafakari."

"Jumapili baada ya kanisa mama anapika," Losa alisema. "Shati lile ni la baba yangu. Kila Jumamosi, mwaka mzima baada ya msiba, mama alilifua likiwa safi. Njoo umwambie ulivyoniambia."

"Na pa kukata pia? Atanifukuza!"

"Hapo utajijua."

Jumapili, nyumbani kwa mama yake Losa huko Mangere, Vikash alieleza yote mbele ya sinia la magimbi na samaki wa tui la nazi. Aliukiri uongo wake, akaeleza na marekebisho yake, jasho likimtoka. Mama Sefina alimsikiliza hadi mwisho, mkono shavuni. Kisha akamgeukia binti yake.

"Uliponiuliza, mimi nilisema 'Halijachafuka', basi. Hayo ya kukumbuka uliongeza wewe, Losa."

"Mama..."

"Uliongeza. Mpakulie mkwe wangu samaki. Ana sikio la maneno."